Kinachotikisa na Kinachotikiswa

Kwa mtu wa Tarakea, wilayani Rombo, Kilimanjaro ni Mawenzi kabla ya kuwa Kibo. Dunia inaijua Kibo kwa theluji yake na kwa mita zake 5,895. Rombo inatazamana na Mawenzi, mita 5,149 za mawe yaliyochongoka. Wazee wa Uchagani wanajua sababu ya umbo hilo. Mawenzi na Kibo walikuwa majirani. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa, akapewa. Akazimikiwa tena, akarudi. Akazimikiwa tena, akarudi. Mwishowe Kibo alichoshwa na jirani huyo, akashika mchi akamtwanga nao hadi akamvunjavunja kichwa. Ndiyo maana mmoja ana kilele cha mviringo na mwenzake amebaki na makovu.

Mwanajiolojia naye ana simulizi lake. Mawenzi ni volkano kongwe iliyokufa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kibo iliendelea kutema lava baada yake, na hadi leo, katika shimo la Reusch lililo juu kileleni, gesi yenye harufu ya salfa inafuka. Tangu moto wake uzimike, Mawenzi imekuwa ikiliwa na mvua, barafu na maporomoko, bila lava mpya ya kuziba majeraha. Hakuna binadamu aliyeyashuhudia hayo akamsimulia mjukuu wake. Hata hivyo hadithi ya mchi imepata sawasawa jambo ambalo sayansi imekuja kulipima: milima yote miwili ilikuwa na moto, na wa Mawenzi ulitangulia kuzimika. Waliotunga hadithi hiyo walikuwa watu wanaotazama ardhi yao na kufikiri.

Hapo ndipo penye ubora wa masimulizi ya kale, na ndipo penye upungufu wake. Hadithi inamtaja aliyepiga na aliyepigwa. Haiwataji kabisa waliokuwa wamejenga chini ya milima hiyo siku ya kipigo. Katika makala haya nalinganisha namna mapokeo mbalimbali, ya Afrika Mashariki, ya Uislamu, ya Japani, ya Ulaya na ya sayansi yenyewe, yalivyoyaelewa matetemeko ya ardhi. Hoja yangu ni moja. Karibu mapokeo yote, sayansi ikiwemo kwa muda mrefu, yalianza kwa kuuliza ni nini kinachotikisa. Swali linalookoa watu ni la pili, nalo ni gumu zaidi kwa sababu jibu lake hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji: ni nini kinachotikiswa?

Matetemeko matatu, namba moja

Tanzania ina mfano ambao mwalimu yeyote wa somo hili angeutamani. Tarehe 17 Julai 2007, chini ya mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, lilitokea tetemeko lenye ukubwa wa 5.9. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko lenye ukubwa uleule wa 5.9 lilitokea wilayani Missenyi, mkoani Kagera. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la takriban 6.0 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam.

Kwa kipimo cha ukubwa, haya ni ndugu watatu. Kwa matokeo, hayafanani hata kidogo. La Gelai lilikuwa kubwa kuliko yote katika mfululizo wa mitikisiko iliyodumu kwa majuma kadhaa. Lilitikisa nyika yenye maboma ya Wamaasai yaliyotawanyika, na huko mbali Nairobi likawatoa watu ofisini kwenye maghorofa. La Dar es Salaam liliwashusha watu ngazi usiku, likasikika Zanzibar na Mombasa, kisha maisha yakaendelea. La Kagera liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba la Kagera lilikuwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Ilikuwa kinyume. Lilianzia kina cha kama kilomita 40, ilhali la Gelai lilikuwa juu juu. Kama nguvu ya chini pekee ndiyo ingeamua maafa, Gelai ndiko kungelia. Tofauti ilikuwa kwa waliokuwa juu: Kagera ni mkoa wenye watu wengi wanaoishi karibu karibu, na wengi wao wako ndani ya kuta za matofali zisizofungwa kwa chuma wala zege.

Ndiyo sababu wataalamu hutenganisha vipimo viwili ambavyo magazeti huvichanganya. Ukubwa ni wa tetemeko lenyewe. Ni namba moja kwa tukio zima, na kila inapopanda kwa moja, nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Ukali ni wa mahali. Mwitaliano Giuseppe Mercalli aliupanga mwaka 1902, na skeli yenye jina lake leo ina ngazi 12, kuanzia mtikisiko usiohisiwa na mtu hadi uharibifu kamili. Tetemeko moja huwa na ukubwa mmoja na makali mengi. Anayeuliza lilikuwa la ngapi anauliza habari za kinachotikisa. Anayeuliza lilikuwaje kwetu ndiye anayeanza kuuliza habari za kinachotikiswa.

Fahali, kambare na Musisi

Katika vitabu vya maajabu vya ulimwengu wa Kiislamu, kama kile cha al-Qazwini wa karne ya 13, dunia imebebwa na fahali, na fahali amesimama juu ya samaki mkubwa. Simulizi hiyo ilienea mbali. Afrika Mashariki nayo inasimuliwa kwamba ng'ombe akichoka shingo huihamisha dunia kutoka pembe moja kwenda nyingine, nasi huku juu tunatikisika. Waganda walimjua Musisi, mmoja wa miungu yao, mwenye mamlaka juu ya matetemeko. Wajapani walisimulia habari za kambare mkubwa, namazu, aliyelala chini ya visiwa vyao, akizuiwa na mungu wa Kashima kwa jiwe zito; mungu akizubaa, kambare hujitingisha.

Masimulizi haya yametoka nchi zilizo mbali sana, lakini yana mfupa mmoja. Kiumbe mmoja yuko chini ya watu wote, na akisogea wote hutikisika. Umoja huo una uzuri wake, maana unawakumbusha tajiri na maskini kwamba wamesimama juu ya mgongo mmoja. Lakini fahali anayebeba dunia nzima hawezi kueleza kwa nini ukuta ulianguka Bukoba, Kagera, na haukuanguka Kigamboni, Dar es Salaam.

Wamaasai wa nyika ya Natron wana mtazamo wenye mahali maalumu. Nguvu yao haiko chini ya dunia yote. Iko kwenye mlima unaoonekana, Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Mwaka 2007 mtazamo huo ulikaribiana kwa namna ya kushangaza na vipimo vya wataalamu. Satelaiti zenye rada zilionyesha kwamba ardhi ya Gelai ilikuwa imepasuka na kutanuka kwa sababu ukuta wa magma uliingia ndani ya miamba. Mwanzoni mwa Septemba, majuma machache baada ya matetemeko hayo, Lengai ikalipuka. Aliyekuwa akiutazama mlima huo kwa heshima alikuwa akitazama mahali penyewe.

Dini za Kitabu zina njia nyingine. Sura ya 99 ya Kurani, Az-Zalzala, inalihusisha tetemeko kuu na siku ya hesabu, na Mwislamu anapohisi ardhi ikitikisika hukimbilia toba na dua. Wakristo nao wana tetemeko katika simulizi la kusulubiwa na la kufufuka. Hapa swali la pili limeulizwa, ila kwa maana ya ndani: kinachotikiswa ni moyo wa binadamu. Sioni sababu ya kulidharau jibu hilo. Baada ya Kagera, waliozika, waliochangia chakula na waliowapokea jirani zao chini ya maturubai walifanya hivyo kwa nguvu ya imani zao. Lakini toba haichagui udongo wa kujengea, na mtu wa imani ana wajibu uleule wa kuulinda uhai aliopewa.

Swali lilipogeuka

Mapokeo matatu yananionyesha jinsi swali la kwanza lilivyozaa la pili.

La kwanza ni la China. Mwaka 132, Zhang Heng aliwasilisha kwa mfalme chombo cha shaba kilichofanana na mtungi mkubwa. Kuzunguka mtungi kulikuwa na vichwa vinane vya joka, kila joka na gololi mdomoni, na chini yake chura mwenye mdomo wazi. Ardhi ikitikisika, gololi ya upande mmoja hudondoka na kuonyesha mwelekeo. Kumbukumbu za China zinasema kwamba mara moja gololi ilidondoka bila mtu yeyote mjini kuhisi kitu. Siku chache baadaye mjumbe akawasili na habari za tetemeko la Longxi, mbali upande wa magharibi. Chombo hicho kilikuwa na fundisho kubwa ndani yake: tetemeko linaloua kule huenda hapa lisihisiwe kabisa.

La pili ni la Ureno. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon ilibomolewa na tetemeko, ikapigwa na mawimbi ya bahari, ikaungua. Ulaya nzima ilibishana juu ya Mungu na uovu. Voltaire aliandika shairi la uchungu. Rousseau alimjibu kwa barua mwaka uliofuata akisema kwamba si maumbile yaliyozirundika mahali pamoja nyumba maelfu kwa maelfu za ghorofa sita na saba. Waziri mkuu aliyeongoza ujenzi mpya, ambaye historia inamjua kama Markisi wa Pombal, aliagiza maswali yapelekwe kwa mapadri wa kila parokia: tetemeko lilidumu muda gani, maji ya visima yalifanya nini, nyumba ngapi zilianguka, watu wangapi walikufa. Serikali iliuliza habari za mahali pamoja baada ya pengine, na majibu hayo bado yanasomwa na watafiti.

La tatu ni la Japani tena. Mwezi Novemba 1855 jiji la Edo, Tokyo ya leo, lilitikiswa na maelfu wakafa. Mitaa ya chini, iliyojengwa juu ya udongo laini na ardhi iliyofukiwa, iliumia kuliko mitaa ya vilimani. Majuma yaliyofuata, picha za kambare zilichapishwa kwa wingi na kuuzwa barabarani. Katika baadhi yake watu wanampiga namazu kwa hasira. Katika nyingine, maseremala na mafundi lipu wanamshukuru kwa kazi aliyowaletea, na matajiri wanatapika sarafu. Wachoraji hao bado walimwamini kambare, au walijifanya kumwamini, lakini macho yao yalikuwa yamekwisha kuhama. Walikuwa wanachora mitaa, mifuko na paa. Kisa cha kinachotikisa kilikuwa kimegeuka kuwa uchambuzi wa kinachotikiswa.

Sayansi ya kisasa yenyewe ilihitaji kufundishwa somo hilo upya, na mwalimu mkali alikuwa Jiji la Mexico. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini. Miji mingi iliyokuwa karibu zaidi na kitovu haikupata maafa kama ya jiji hilo, ambako watu walikufa kwa maelfu. Sehemu iliyoumia ilisimama juu ya matope ya ziwa la kale la Texcoco. Jiwe na bakuli la uji vikiwekwa juu ya meza moja kisha meza ikatikiswa, jiwe hutulia mara tu meza inapotulia. Uji huendelea kuyumba. Matope ya Texcoco yaliyumba kwa mpigo wa kama sekunde mbili, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yakawa ndiyo yanayoitikia mpigo huo. Nyumba fupi na minara mirefu zaidi ilisalimika kwa wingi jirani na majengo hayo.

Jinsi ardhi inavyohojiwa

Ili kuelewa tofauti hizo, wanasayansi huihoji ardhi kwa njia kadhaa, na baadhi yake zinafanana na mapokeo niliyoyataja.

Ya kwanza ni ile ya Zhang Heng: kutega chombo na kusubiri. Sismografu hurekodi mawimbi yanapopita. Wimbi la kwanza hubana na kuachia miamba, na katika ganda la dunia husafiri kama kilomita sita kwa sekunde. La pili huichezesha ardhi kwa pembeni na huenda taratibu zaidi, na ndilo linaloumiza kuta. Pengo la kila sekunde moja kati ya hayo mawili humaanisha takriban kilomita nane kutoka chanzo. Kutoka Gelai hadi Tarakea ni kama kilomita 160, kwa hiyo mtu wa Tarakea angepata sekunde kama 20 kati ya mguso wa kwanza na mtikisiko wenyewe. Vituo vitatu au zaidi vikilinganishwa, kitovu hupatikana. Afrika Mashariki ina vituo vichache vya kudumu. Kimoja kilicho upande wetu ni cha Kilimambogo nchini Kenya. Nchini Tanzania, kazi ya kufuatilia matetemeko ni ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini.

Ya pili ni kuutazama mwendo wa pole wa ardhi kati ya tetemeko na tetemeko. Bonde la Ufa linatanuka milimita chache tu kwa mwaka, na vipokezi vya satelaiti vilivyofungwa kwenye miamba huweza kuupima mwendo huo. Chuo Kikuu cha Ardhi kimeshirikiana na watafiti wa Marekani kufunga vipokezi vya aina hiyo kuizunguka Lengai.

Ya tatu ni kupima udongo wenyewe, na hii ndiyo ningependa ijulikane zaidi vijijini, maana haihitaji kusubiri tetemeko. Mjapani Yutaka Nakamura aliieneza mwaka 1989. Mtaalamu huchimba kishimo kifupi, huweka kifaa kinachoweza kubebwa kwa mkono mmoja, hukisawazisha na kukiacha kwa kama nusu saa. Kifaa husikiliza mitetemo midogo isiyokoma ya upepo, magari, mawimbi ya bahari na nyayo za watu. Mtaalamu hulinganisha mtetemo wa kulala na ule wa kusimama. Panapokuwa na udongo laini juu ya mwamba mgumu, mpigo mmoja hujitokeza kuliko mingine, na huo ndio mpigo ambao mahali hapo pataukuza siku ya tetemeko.

Hesabu yake si ngumu. Chukua tabaka la udongo laini lenye unene wa mita 10, ambalo mawimbi hupita ndani yake kwa mwendo wa mita 200 kwa sekunde. Zidisha unene huo kwa nne, gawanya kwa mwendo, na mpigo unakuwa sekunde 0.2. Jengo nalo, kwa makadirio ya wahandisi, huyumba kwa mpigo wa kama sekunde 0.1 kwa kila ghorofa. Mahali hapo patawasumbua wenye nyumba za chini na za ghorofa moja, si wenye maghorofa marefu. Mexico ilikuwa na matope mengi na ikaangusha majengo marefu kiasi. Mlimani, ambako majivu ya volkano na udongo vinaweza kuwa vimefunika lava ngumu kwa unene wa mita chache tu, hatari inaweza kuangukia nyumba ya kawaida ya familia.

Ya nne ni ile ya Pombal: kuwauliza watu. Baada ya kila tetemeko, watafiti hutembea nyumba kwa nyumba wakiuliza vyombo vilianguka kutoka kabati la ukuta gani, nani aliamka usingizini na nani hakuamka. Mahali penye mashine chache, ushahidi wa watu ndio ramani ya ukali. Hivyo ndivyo wanahistoria wa matetemeko walivyoweza kulieleza tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, lililokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyojulikana Afrika Mashariki katika karne ya 20.

Pete

Tukifika kwenye nyumba, mapokeo yanakutana kwa namna ambayo sikuitegemea nilipoanza kuyalinganisha.

Msonge wa Kichagga, na mushonge wa Wahaya kule Kagera, ulikuwa nyumba ya mviringo. Miti ilisimikwa kwa duara, ikapindwa kuelekea juu, ikafungwa kwa fito zilizozunguka nyumba nzima, pete juu ya pete, kisha ikaezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba. Nyumba ya namna hiyo ni nyepesi. Ikitikiswa hupinda na kurudi. Hata ikianguka, kinachomwangukia mtu ni nyasi na fito. Mababu hawakujenga hivyo kwa ajili ya matetemeko. Walifikiria baridi, mvua, ng'ombe waliolala ndani na vifaa vilivyopatikana. Hata hivyo walilijibu swali la kinachotikiswa bila kuulizwa.

Lisbon walilijibu baada ya kufiwa. Nyumba mpya za mji wa chini zilijengwa zikiwa na fremu ya mbao iliyofichwa ndani ya kuta za mawe, mbao zilizokatizana na kuunganishwa pande zote. Wareno waliiita fremu hiyo gaiola, yaani tundu la ndege. Jiwe likipasuka, mbao hulishika.

Sasa tazama ukuta wa tofali wa siku hizi, iwe Bukoba, Moshi au Tarakea, uliojengwa bila chuma. Uzito wake ni mkubwa, na tofali na udaka hustahimili kugandamizwa lakini havistahimili kuvutwa. Mtikisiko ukija kwa pembeni, ufa huanzia kwenye kona ya dirisha na kukata kwa mshazari hadi msingini. Kuta mbili zinazokutana huachana pembeni, ukuta mrefu huinamia nje, na ile sehemu ya pembetatu inayoinuka hadi kwenye paa hudondoka kwanza, kwa sababu haikushikwa na kitu. Kila ukuta unaondoka kivyake. Nyumba hiyo haikuwa na pete.

Tiba yake kila fundi anaijua: mkanda wa zege wenye nondo, lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, si vipande vifupi juu ya milango na madirisha tu. Mkanda mwingine hukaa kwenye msingi, nondo za kusimama huwekwa kwenye kona, na paa hufungwa kwenye ukuta kwa waya au bati la chuma. Hiyo ni kanuni ileile ya fito za msonge na ya mbao za Lisbon: kuzifunga sehemu zote zitikisike kama kitu kimoja. Sisemi turudi kwenye msonge. Ulikuwa na moshi, ulikuwa mwepesi kuungua, na watu waliuacha kwa sababu za maana. Nasema tuliuacha pamoja na pete yake, na pete hiyo ilistahili kuhamia nasi kwenye nyumba ya tofali.

Gharama ndiyo hubishaniwa. Mwenye nyumba anayejenga kidogo kidogo, tofali za mwaka huu, bati za mwaka ujao, hulazimika kuchagua, na nondo za mkanda wa juu haraka hugeuka kuwa kitu cha kuahirishwa. Ulinganisho wa nchi unaonyesha uchaguzi huo unavyolipwa. Januari 2010 tetemeko la 7.0 liliua zaidi ya watu laki moja Haiti. Februari mwaka huohuo tetemeko la 8.8, lenye nishati mara mia kadhaa zaidi, liliua kama watu 500 nchini Chile. Kitovu cha Haiti kilikuwa karibu sana na mji mkuu wake, na hilo lina uzito. Lakini Chile ilikuwa imeishi na sheria za ujenzi zilizotokana na maafa ya nyuma, na mafundi wake walizifuata.

Zamu ya Rombo

Rombo haiko katikati ya eneo lenye matetemeko mengi zaidi, na sina nia ya kumtia mtu hofu. Lakini Bonde la Ufa haliko mbali, na miteremko hii imetengenezwa na moto: mikondo ya lava iliyoganda, vilima vya majivu vilivyotapakaa kutoka mlimani kuteremka kuelekea Ziwa Chala, mabonde yenye udongo ulioletwa na maji. Mita mia mbili kutoka kwenye mwamba unaweza kuwa juu ya udongo laini. Migongo ya vilima nayo inaweza kuukuza mtikisiko, na kingo za makorongo huporomoka. Kwa ardhi ya namna hii, ramani ya mkoa mzima haitoshi.

Ziwa Chala ni somo jingine. Mwaka 2016 watafiti wa kimataifa walichimba matope ya chini yake, tabaka zilizojilaza kwa zaidi ya miaka 200,000, hasa wakitafuta historia ya mvua na ukame. Katika maziwa ya Chile, tabaka zilizovurugwa na maporomoko ya chini ya maji zimesomwa kama kumbukumbu za matetemeko. Ardhi inaweka kumbukumbu kuliko ukoo wowote, mradi tu aulize mtu anayejua cha kutafuta.

Na watu nao wanaweka. Uchagani kuna wazee wanaojua mfereji wa zamani ulipita wapi kabla ya kufukiwa, chemchemi ilikauka lini, kihamba (shamba la ukoo) cha nani kilikuwa kinamasi, bonde gani lilijazwa kifusi ili stendi au soko lipanuke. Kwa mtaalamu mwenye kifaa cha Nakamura mkononi, hizo ni taarifa za mahali pa kuanzia. Kwa mzee, kifaa ni ushahidi kwamba alichokisema kina uzito. Ningependa kuona walimu wa jiografia wa sekondari za Rombo wakiwatuma wanafunzi na maswali ya aina ya Pombal: udongo wa kwenu ni wa namna gani, kisima kina kina gani mpaka mwamba, ukuta wa darasa letu una mkanda au hauna. Madaftari hayo, yakikusanywa na halmashauri na kupelekwa kwa wanajiolojia, yangekuwa mwanzo wa ramani ambayo hakuna satelaiti inayoweza kuichora peke yake.

Shule, zahanati, makanisa na misikiti ndiko kwa kuanzia, kwa sababu ndiko watu wengi hukaa chini ya paa moja. Ihungo na Nyakato zilitufundisha hilo bila darasa zima kuangukiwa, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Kamati ya ujenzi inayokutana Tarakea kupitisha darasa jipya inaweza kuuliza maswali mawili kabla ya kutia saini: chini ya msingi huu kuna nini, na mkanda wa juu unazunguka pande zote nne? Fahali, kambare, Musisi na magma havitasubiri ruhusa yetu. Majibu ya maswali hayo mawili yako mikononi mwetu, na anayeyatoa leo anaamua ni watoto wangapi watatoka darasani salama.